Nyuki Wanywao Jasho, na Jinsi ya Kuwatambua

Maneno ya monitera wa kilimo mbele ya wakulima wa bustani za bonde la Kafubu, karibu na Lubumbashi

Mimi ni mtoto mbele yenu. Wengi wenu mlishika jembe kabla sijazaliwa. Kwa hiyo sikuja kuwafundisha kulima. Nimekuja kuwaeleza habari ya mdudu mdogo, na habari ya kosa nililolifanya kwa sababu sikumtambua.

Nyote mwamjua mdudu huyu. Mwezi wa kumi, jua likiwa kali na mvua haijanyesha bado, mtu akilima au akipasua kuni, mara vidudu vyeusi vyamzunguka. Vingine vyatua mkononi na kulamba jasho. Vingine vyaingia machoni na masikioni. Mtu hupiga kofi, hukasirika, kisha huendelea na kazi yake. Ukimwuliza, «Ni nini hiyo?» hujibu, «Ni nzi wa jasho tu.»

Basi, jina hili moja limewafunika wadudu wa namna tatu. Wa kwanza ni nzi kweli. Wa pili ni nyuki wadogo wasiouma, ambao hukaa katika mti, katika ufa wa ukuta, au katika kichuguu. Wa tatu ni nyuki wachimbao ardhi, wa jamii ambayo wataalamu huiita kwa Kilatini Halictidae. Hao wa tatu ndio waitwao hasa nyuki wa jasho katika vitabu. Wadudu wote hawa hufuata maji na chumvi iliyo katika jasho letu. Lakini kazi zao si moja, wala nyumba zao si moja. Asiyewatenga aweza kumwua rafiki akidhani amemwua adui.

1. Kosa langu

Katika mwaka wangu wa kwanza wa kazi, mama mmoja aliniita bustanini mwake. Alikuwa amepanda mabilinganya, matuta sita mazuri. Katikati ya matuta palikuwa na njia ya udongo mgumu, iliyokanyagwa sana, isiyo na majani. Juu ya njia hiyo niliona matundu mengi madogo, kila tundu lapata unene wa kijiti cha kiberiti, na kandokando yake chungu kidogo cha udongo laini kama unga.

Mama akaniuliza, «Mwanangu, hawa ni wadudu gani?»

Mimi sikuinama. Nilitazama nikiwa nimesimama, kwa kuwa nilikuwa na viatu vipya na watu walikuwa wakiniangalia. Nikajibu, «Hawa watakula mizizi. Mwaga maji ya moto, kisha ulime njia yote.» Akafanya hivyo. Baada ya siku tatu nikarudi na dawa ya kuua wadudu, nikamwaga katika matundu yaliyobaki. Matundu yakaisha. Nikafurahi, nikaandika katika daftari langu: Wadudu wamekwisha.

Mabilinganya yakatoa maua mengi. Lakini maua mengi yakaanguka. Matunda yaliyofungwa yalikuwa machache, na mengine madogo na yamepinda. Mama akaniambia kwa upole, «Mwanangu, dawa yako imemaliza wadudu, lakini mabilinganya yangu nayo yamekwenda pamoja nao.» Maneno hayo yaliniumiza kuliko matusi. Nilijua ya kuwa watoto wake wawili walikuwa wakingoja fedha ya mavuno ili walipiwe shule.

Sisemi kwamba hasara yote ilitoka kwangu. Jua kali laangusha maua, na maji machache vilevile. Lakini ng'ambo ya mfereji palikuwa na bustani ya jirani, mbegu ile ile, maji yale yale, na njia yake haikuguswa. Huko matunda yalikuwa mazuri. Ndipo nilipomwendea monitera mmoja mzee, nikamwambia yote bila kuficha. Akaja na lupe, yaani kioo cha kukuza. Akapiga magoti juu ya njia, akafukua kidogo, akatoa mdudu aliyekufa. Mdudu alikuwa na mabawa manne, na miguu ya nyuma yenye manyoya yaliyojaa unga wa manjano. Mzee akasema, «Huyu hali mizizi. Huyu alikuwa mfanyakazi wa mama huyu, nawe umemwua nyumbani mwake.»

2. Kazi ya nyuki huyu katika ua la bilinganya

Kila ua lahitaji unga wake ufike mahali pa kike ili tunda lifungwe. Unga huo vitabu huuita chavua. Katika maua ya maboga chavua iko wazi, na nyuki yeyote aweza kuichukua. Lakini ua la bilinganya ni kama kopo la chumvi lenye vitundu juu. Chavua imefungiwa ndani ya vijiti vya manjano, na kila kijiti kina tundu dogo nchani. Kopo lisipotikiswa, chumvi haitoki vema.

Upepo watikisa kidogo, na ua la bilinganya laweza kujisaidia lenyewe kwa sehemu. Lakini wako nyuki wajuao kazi hiyo. Nyuki hushika vijiti kwa miguu na meno, huyatuliza mabawa yake, kisha hutetemesha nyama za kifua chake. Utasikia sauti nyembamba, zzz, zzz, na chavua hummwagikia tumboni. Nyuki wa asali wa mizinga yetu hajui kutetemesha ua namna hii. Nyuki wengi wa ardhini wajua, na wale nyuki weusi wakubwa watoboao miti wajua pia.

Haya si maneno yangu tu. Huko Kenya, mahali paitwapo Nguruman, wataalamu waliangalia mashamba ya mabilinganya, wakachapisha habari yao mwaka 2008. Waliona nyuki wawili waliofanya kazi hiyo hasa: nyuki mkubwa mtoboa miti, jina lake Xylocopa caffra, na nyuki wa jamii hii hii ya jasho, jina lake Macronomia rufipes. Waliona tena ya kuwa nyuki hao hutegemea pori lililo karibu na shamba, kwa maana bilinganya halina maua mwaka mzima, na nyuki lazima ale mahali pengine.

3. Namna ya kuwatenga wale watatu

Hapa Katanga twajua kusoma alama. Liko ua liitwalo ua la shaba, na wataalamu huliita Haumaniastrum katangense. Hupenda udongo wenye shaba, na watafutao shaba wamelifuata. Hawakuchimba kila mahali. Walitazama alama kwanza. Nasi tufanye vivyo hivyo kwa wadudu.

Alama ya kwanza ni mabawa. Nzi ana mabawa mawili tu. Nyuki ana manne. Lakini angalieni: mabawa ya nyuki ya mbele na ya nyuma hushikamana kwa vikulabu vidogo sana, hata yaonekana kama mawili. Kwa hiyo tazameni pia papasi, yaani vile vipembe vya usoni. Nzi wa namna hii ana papasi fupi mno, na macho yake makubwa yajaza kichwa. Nyuki ana papasi ndefu, zenye kiwiko katikati, na macho yake yako pande mbili za kichwa. Msidanganywe na rangi. Wako nzi wenye mistari ya manjano kama nyuki, nao hawaumi hata kidogo.

Alama ya pili ni mguu wa nyuma. Nyuki mdogo asiyeuma ana mguu mpana, unaong'aa, wenye shimo kama kikapu, sawa na nyuki wa asali. Chavua yake huilowesha, akaifinyanga kuwa donge. Nyuki wa ardhini hana kikapu. Yeye ana manyoya marefu kama burashi juu ya mguu, na wengine hata chini ya tumbo. Chavua yake ni kavu, hukaa katika manyoya kama unga katika nguo ya msagaji.

Alama ya tatu ni mshipa wa bawa. Hapa yatakiwa lupe. Bawa la nyuki mdogo asiyeuma lina mishipa michache, na mingine imefifia. Bawa la nyuki wa ardhini lina mishipa mingi iliyo wazi. Tena, kwa wengi wao, mshipa mmoja karibu na shina la bawa umepinda sana kama upinde wa mwindaji. Ukiuona upinde huo, umekaribia kabisa kumjua.

Alama ya nne ni nyumba. Nyuki wadogo wasiouma hukaa wengi pamoja na malkia wao. Mlango wao ni kibomba cha nta kinachotokeza katika mti, ukutani au kichuguuni, nao huweka asali kidogo ambayo watu waipenda. Nyuki wa ardhini huchimba tundu. Ndani jike hutengeneza vyumba vidogo, na hupaka kuta zake mafuta yatokayo mwilini mwake ili maji yasiingie upesi. Katika kila chumba huweka donge la chavua, hutaga yai moja juu yake, kisha hufunga. Wengine huishi peke yao. Wengine huishi majike kadhaa katika tundu moja, na mmoja huziba mlango kwa kichwa chake kama mlinzi.

Alama ya tano ni tabia. Wakija wengi kama wingu dogo, wakazunguka macho na kuingia masikioni, mara nyingi ni nyuki wadogo wasiouma. Wadogo kabisa wao ni wa namna za Hypotrigona na Liotrigona, urefu wao milimita 2 hadi 4. Akija mmoja mmoja, akatua mkononi na kulamba bila haraka, huenda ni nyuki wa ardhini. Jike wake ana mwiba, lakini hauma ila akibanwa, na uchungu wake ni kidogo na hupita upesi. Basi usimpige. Mpulizie tu, ataondoka.

4. Namna za nyuki wa ardhini

Ulimwenguni pote jamii hii ina namna zaidi ya 4,000. Siwezi kuzitaja, wala hakuna mtu awezaye kuzikariri zote. Lakini makundi machache mwaweza kuyatambua kwa macho na lupe.

Ukiona nyuki mdogo anayeng'aa rangi ya kijani kama chuma kilichosuguliwa, yaelekea ni wa kundi la Seladonia. Mmoja wao, Seladonia jucunda, ameenea sehemu nyingi za Afrika.

Ukiona mdogo mweusi au wa kahawia, mwembamba, asiye na pambo kubwa, mtazame ncha ya tumbo kwa juu. Kama manyoya yamegawanyika katikati kwa mfereji mdogo, huyo ni jike wa upande wa Lasioglossum na ndugu zake. Seladonia naye ana mfereji huo.

Ukiona mkubwa kidogo, mwenye mikanda myeupe au ya manjano ya kupita tumboni, bila mfereji huo nchani, yaelekea ni wa upande wa Nomia, Lipotriches na Pseudapis. Macronomia wa Nguruman ni wa upande huu. Madume yao mara nyingi wana miguu ya nyuma iliyovimba au yenye umbo la ajabu. Lipotriches wengine hukusanya chavua ya majani ya jamii ya nyasi, nayo mahindi ni ya jamii hiyo. Pseudapis ana kifuniko kipana kama ganda penye shina la bawa.

Mwisho, ukiona mmoja mwenye tumbo jekundu, mwenye manyoya machache, asiyebeba chavua, akipitapita chini juu ya matundu ya wenzake, huyo huenda ni Sphecodes. Huyo ni mwizi. Hachimbi kwa ajili ya chakula. Huingia nyumba ya mwingine na kutaga yai lake juu ya akiba ya mwenyewe. Lakini msimwandame. Akiwapo yeye, maana yake wenye nyumba nao wapo.

5. Msikimbilie kutoa jina

Hapa nawaomba vijana wenzangu wasikie. Kusema, «Huyu ni nyuki wa ardhini,» ni kazi tuiwezayo sisi. Kusema, «Huyu ni namna fulani hasa,» ni kazi ya mtaalamu, naye huifanya akiwa na mdudu mkononi, si kwa picha ya simu peke yake. Picha haionyeshi mfereji wa tumbo wala mishipa ya bawa. Tena dume na jike wa namna moja waweza kufanana kidogo tu, hata mtu akawadhania wageni wawili.

Kazi hii ni ya miaka mingi. Mbelgiji Joseph Bequaert alikusanya wadudu katika Kongo kati ya mwaka 1910 na 1915. Wadudu wengi waliotoka nchi yetu wamewekwa katika nyumba ya makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, nao T. D. A. Cockerell, aliyefariki mwaka 1948, aliwapa majina nyuki wengi wa Kongo. Katika siku zilizofuata Alain Pauly, naye Mbelgiji, aliwapanga upya nyuki wa jasho wa Afrika. Mwaka 2001 yeye na wenzake walichapisha kitabu kikubwa cha nyuki wa kisiwa cha Madagaska. Nyuki wadogo wasiouma wa Afrika walipangwa upya na Connal Eardley wa Afrika Kusini mwaka 2004.

Mkitaka kujua jina la nyuki wa bustani yenu, kamateni wachache tu, wawili au watatu, si zaidi. Wakaukeni vema, msiwaponde. Andikeni katika karatasi ndogo mambo manne: mahali, tarehe, ua alilokuwa juu yake, na jina la aliyemkamata. Mdudu asiye na karatasi hiyo ni kama mtu asiye na kitambulisho: yupo, lakini hawezi kutuambia habari yake. Kisha mpelekeni kwa waalimu wa kilimo wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, au mnipe mimi.

6. Mambo ya kufanya bustanini

Kwanza, ukiona matundu njiani, piga magoti. Kaa kimya kitambo asubuhi jua likishapanda. Akitoka nyuki, au akirudi na unga wa manjano miguuni, iache njia hiyo. Usimwage maji ya moto, usilime, usiwashe moto juu yake. Wakitoka siafu au mchwa, hiyo ni shauri nyingine.

Pili, acha kipande cha udongo mtupu kisichoguswa jembe, hata kama ni hatua tatu tu.

Tatu, usipige dawa asubuhi juu ya maua yaliyofunguka. Kama dawa ni lazima, piga jioni nyuki wakishaingia, tena ile mimea yenye wadudu waharibifu tu.

Nne, mpakani mwa bustani acha mimea ya porini itoe maua. Mkikata miti yote kwa makala na kuchoma majani yote, nyuki hana chakula siku ambazo bilinganya halina maua. Tena mti wenye tundu ukianguka, nyuki wadogo wasiouma huanguka nao.

Tano, jaribuni wenyewe, msiniamini mimi kwa maneno. Chagueni machipukizi kumi ya maua ya bilinganya yasiyofunguka. Matano yafunikeni kwa mfuko wa chandarua chepesi. Matano yafungeni uzi tu ili myajue. Maua yakishanyauka, ondoeni mifuko. Baadaye hesabuni matunda, na mpime uzito wake. Tena chunguzeni vijiti vya manjano vya maua yaliyoachwa wazi: mkiona alama ndogo za kahawia kama mikwaruzo, huenda ni meno ya nyuki aliyeshika ua na kulitikisa.

Mtaniuliza, «Na yule mama je?» Nilirudi kwake nikaungama mbele ya watoto wake. Nikalima naye matuta mapya, bila malipo. Hatukuigusa njia tena. Mwaka wa pili, mvua zilipopungua, tuliona matundu manne. Huenda wenye nyumba hizo walitoka kwa jirani ng'ambo ya mfereji. Mama akachomeka vijiti kuzunguka mahali pale ili watoto wasipakanyage. Mavuno hayakuwa kama ya jirani, lakini yalikuwa mazuri kuliko yale ya mwaka wa dawa yangu. Siku ile alinipa mabilinganya matatu, akasema, «Peleka kwenu, ule na bukari. Na safari nyingine, mwanangu, uiname kwanza.»

Ndilo neno lililonileta leo. Haraka haraka haina baraka. Kabla ya kumwaga maji ya moto, iname. Hesabu mabawa, tazama mguu, tazama nyumba. Kisha ndipo useme huyu ni adui au huyu ni mwenzako wa kazi.

Sasa twendeni wote njiani, pale karibu na mfereji. Lupe ninayo. Wazee watangulie kutazama.